Mdogo aliyeona hatari akanyamaza: uongozi na mawasiliano katika timu za kazi

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Ninaleta mada ya uongozi kazini, na ninaomba tuijadili kwa upande ambao huguswa mara chache. Semina nyingi tunazohudhuria humfundisha kiongozi kuzungumza: namna ya kutoa maelekezo, kuhamasisha, kuendesha kikao na kuonya. Hoja yangu ni kwamba uimara wa timu hupimwa kwingine kabisa, katika ule muda mfupi ambao mtu wa cheo cha chini ameona jambo linakwenda vibaya na mkubwa wake bado hajaliona. Akisema mapema na akasikilizwa, hapo pana timu. Akinyamaza, au akizungukazunguka hadi maneno yake yasieleweke, waliopo ni watu wanaopokea mshahara mahali pamoja tu. Na kusema huko hakuletwi na tabia njema ya kiongozi peke yake. Ni lazima kuingizwe katika utaratibu wa kazi wa kila siku, ili mtu mwenye haya naye aweze.

Fani mbili zimelichunguza jambo hili kwa kina, nazo ni urubani na upasuaji, kwa sababu huko kimya huua watu na vifo hivyo huchunguzwa na kuandikiwa ripoti.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife nchini Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya shirika la Pan Am la Marekani, ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafariki. Ukungu ulikuwa mzito, uwanja ulikuwa umejaa ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa Gran Canaria, na mawasiliano ya redio yaliingiliana. Hayo yote yalichangia, lakini ninaomba tutazame yaliyotokea ndani ya chumba cha marubani wa KLM. Kapteni alikuwa mkufunzi wa ngazi ya juu kabisa wa shirika lake kwa ndege za aina hiyo, na rubani msaidizi aliyeketi kando yake alikuwa amepimwa na kapteni huyo huyo, si muda mrefu kabla ya hapo, na kupitishwa kuirusha 747. Kapteni alipoanza kuongeza nguvu ya injini kwa mara ya kwanza, msaidizi alimkumbusha kwamba walikuwa hawajapewa kibali, naye akaacha. Muda mfupi baadaye akaanza tena, huku msaidizi akiwa bado anarudia maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege redioni, na safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege ndiye aliyeuliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Kapteni alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena, na sekunde chache baadaye ndege ziligongana.

Tazameni kwamba hakuna aliyekatazwa kusema. Msaidizi alikuwa ameshasahihisha mara moja, na kumsahihisha mkubwa mara ya pili kwa muda mfupi namna ile ni mzigo anaoujua kila aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu mwenye jina. Mhandisi alikuwa na wasiwasi wa haki kabisa, ila aliutoa kama swali, na swali humalizwa kwa jibu la neno moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines aina ya DC-8 iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani. Kapteni alikuwa ameizungusha angani kwa takribani saa nzima akishughulikia hitilafu ya magurudumu ya kutua. Wenzake walikuwa wakitaja mafuta yaliyobaki, lakini kwa namna ambayo haikumlazimisha kuamua lolote. Watu 10 walikufa. Mwaka 1979 shirika la NASA liliitisha warsha juu ya ajali za namna hii, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake kufanya kazi kama timu: msaidizi afundishwe kusema waziwazi, na kapteni afundishwe kuomba kuambiwa. Matunda yalionekana tarehe 19 Julai 1989, pale DC-10 ya United ilipopoteza mifumo yote ya majimaji inayoendesha mbawa na usukani ikiwa angani. Kapteni Al Haynes alikubali msaada wa mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, akamwacha ashike vidhibiti vya injini, na wote wanne wakawa wanashauriana hadi walipoishusha ndege hiyo kwa dharura kwenye uwanja wa Sioux City. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 walipona. Haynes mwenyewe aliyataja mafunzo hayo kuwa sababu kubwa ya watu hao kupona.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni ya Ulaya na Marekani. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Cameroon, na watu wote 114 wakafariki. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba kapteni alipoteza uwezo wa kutambua mwelekeo wa ndege gizani, na pamoja na hilo ikataja ukosefu wa uratibu baina ya marubani wawili. Kapteni alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi wake 23. Tofauti ya umri kama hiyo ipo katika ofisi, viwanda na wodi zetu, na katika jamii inayomlea mtoto kumwamkia mkubwa kabla ya neno lolote lingine, tofauti hiyo ina uzito wake. Ninayathamini malezi hayo na singependa yapotee. Ndiyo maana ninasema utaratibu wa kazi umbebee mdogo sehemu ya mzigo, ili asilazimike kuchagua kati ya heshima na usalama.

Mchangiaji wa pili (muuguzi, chumba cha upasuaji)

Nakushukuru mleta mada, na ninaomba nikusaidie upande wa upasuaji kwa kuwa ndiko niliko. Wengi hawajui kwamba Tanzania ilikuwamo katika jaribio lililobadilisha vyumba vya upasuaji duniani. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, liliijaribu kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 katika hospitali za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya mkoani Morogoro, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha ile husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika hatua ya pili kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake. Kipengele hicho hudharauliwa kuliko vyote, kwa sababu watu husema kwamba tunafahamiana. Lakini mimi nimeona kwamba mtu aliyekwisha kutoa sauti yake mara moja, hata kama ni kutaja jina tu, huwa mwepesi kuitoa tena pale kitambaa kimoja cha kufyonzea damu kinapokosekana katika hesabu. Asiyesema neno tangu mwanzo hubaki hivyo hadi mwisho, na mwanafunzi wa mazoezi ndiye huyo mara nyingi. Tena, orodha haina maana ikisomwa na muuguzi peke yake pembeni huku daktari mpasuaji akiendelea kuzungumza na msaidizi wake. Mpasuaji akisimama, akainua macho na kusikiliza, chumba kizima husimama naye.

Mchangiaji wa tatu (msimamizi wa uzalishaji, kiwanda, Nairobi)

Nimewasoma kwa makini, lakini nina pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao hawakuwa wajinga. Nikiruhusu kila kijana aliyeajiriwa juzi apinge maagizo, mashine zitasimama tukijadiliana, na oda ya mteja haitangoja. Ya pili ni kuhusu hiyo orodha. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliipeleka katika hospitali zake kwa amri, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya hospitali 101 haukuona upungufu wa vifo wa kutosha kusema kwamba orodha ndiyo iliyoleta. Je, si kweli kwamba tunalazimisha makaratasi mahali ambapo panatakiwa watu wenye ujuzi na nidhamu?

Mleta mada

Pingamizi zako ni nzito na ninazipokea. Nianze na hiyo ya pili, kwa sababu kwa maoni yangu inaisaidia hoja yangu. Karatasi inayotumwa kwa amri huwekewa alama za vema na kurudishwa kwenye faili. Ukitaka kujua kama timu inazungumza, simama mlangoni usikilize kama kuna mtu anayejibu swali kwa sauti, kwa sababu alama za vema hazitakuambia hilo. Utaratibu huleta tija pale ambapo mkubwa wa chumba ameukubali na kuushiriki, kama alivyoeleza muuguzi hapo juu. Utafiti wa Ontario ulihesabu mahali ambapo orodha ilipelekwa. Haukuwa na namna ya kuhesabu ni wapi watu waliinua macho.

Kuhusu nidhamu, wewe uko kiwandani, basi tuizungumzie Toyota. Kwenye mistari yao ya kuunganisha magari, mfanyakazi anayeona kasoro huvuta kamba iliyo juu yake, ama hubonyeza kitufe siku hizi. Taa huwaka, na kiongozi wa kikundi hufika mara moja. Mstari hausimami papo hapo. Huendelea mpaka sehemu iliyowekwa, na katika muda huo kiongozi hutazama kasoro na kuamua kama inaweza kurekebishwa hapo hapo au mstari usimame. Zingatia mpangilio huo: mdogo ana haki kamili ya kuita, na mkubwa anabaki na haki kamili ya kuamua. Hakuna mjadala unaoendelea mashine zikiwa zimelala, na hakuna anayeomba ruhusa ya kuvuta kamba. Amri inabaki kwa mkubwa, ila sasa inatolewa na mtu anayejua kinachoendelea mbele ya mstari wake.

Na wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alilikuta jambo hili mahospitalini katika miaka ya 1990. Alitarajia kwamba timu zenye viongozi wazuri zingekuwa na makosa machache ya dawa, lakini takwimu zikaonyesha kinyume, makosa yaliyoandikwa yakiwa mengi zaidi katika timu hizo. Alipochunguza akabaini kwamba timu zile hazikuwa zinakosea zaidi, bali zilikuwa huru kutaja makosa, wakati kwingine yalifichwa. Kwa hiyo meneja anayejivunia kwamba kitengo chake hakijaripoti tatizo mwaka mzima anapaswa kujiuliza habari hizo zinaishia kwa nani.

Mchangiaji wa nne (mtunza stoo, kampuni ya usafirishaji)

Mleta mada, mimi nina swali la vitendo. Meneja wetu ni mtu wa umri wa baba yangu, na tunamwita Mzee. Ninapoona kosa katika hati za mzigo, nianze vipi bila kuonekana nimekosa adabu? Nikisema wazi ninaonekana mjuaji, na nikisema kwa upole anaitikia tu, kisha lori linaondoka.

Mleta mada

Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, na nitakaa hapo kidogo.

Upole wako hauna kosa. Kinachopotea ndani yake ni habari. Tunapoogopa tunasema hivi: "Samahani Mzee, sijui labda kama tungeangalia tena ule mzigo." Sentensi hiyo haina tarakimu, haina hatari, na haina ombi, kwa hiyo Mzee aliyeshughulika na simu ataitikia kwa nia njema kabisa na kuendelea. Kuna mpangilio ulioanzia katika manowari za nyuklia za Jeshi la Wanamaji la Marekani, ukaingia hospitalini kwa ajili ya muuguzi anayempigia daktari simu usiku. Una sehemu nne: hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, mimi ninavyoiona, na ninachopendekeza. Ukiuweka katika adabu zetu unakuwa hivi:

"Shikamoo Mzee, naomba nikusimamishe kidogo kabla lori halijatoka. Hati inasema mifuko 400, na mimi nimehesabu 340. Mzigo huu ulishushwa jana jioni wakati wa kubadilishana zamu. Ninahofia tutasaini kitu ambacho hatujakipokea. Naomba dereva asubiri tuhesabu pamoja."

Hapo heshima haijapungua hata chembe. Umemwamkia, umeomba, na uamuzi umemwachia. Lakini sasa ana namba mbili mbele yake na ombi moja ambalo ni lazima alijibu. Akikupuuza, rudia mara ya pili ukitaja hatari yenyewe: "Mzee, ninarudia kwa sababu nina wasiwasi wa kweli. Mifuko 60 haionekani." Katika mafunzo ya timu za hospitali nchini Marekani, kurudia mara ya pili ni wajibu, wala hakuhesabiwi kuwa utovu wa nidhamu, na ikishindikana bado, aliyesema anatakiwa kwenda ngazi ya juu. Kampuni inayotaka mali yake ibaki salama iandike jambo hilo katika kanuni zake, kwa sababu mtunza stoo hawezi kujiandikia haki hiyo mwenyewe.

Nikirudi kwa viongozi, kuna maneno mawili yanayotudanganya kila siku, nayo ni "sawa bosi". Tazameni kundi la WhatsApp la kazini: meneja anaandika agizo refu, na chini yake wanapanga mstari "sawa mkuu", "nimepokea", "pamoja". Hajui hata mmoja wao alielewa nini. Rubani akipewa maelekezo na mnara huyarudia kwa namba, na mnara husikiliza kama amerudia sawasawa. Muuguzi anayepokea agizo la dawa kwa mdomo hurudia jina la dawa, kipimo na njia ya kuitoa kabla ya kugusa sindano. Ofisi ya kawaida ingeweza kufanya hivyo hivyo bila gharama yoyote: anayepokea agizo ajibu kwa kutaja atakachofanya na saa atakayokimaliza. "Nitapeleka ankara mbili za Tanga kabla ya saa sita mchana" ni jibu. Kama alipaswa kupeleka tatu, kosa litaonekana pale pale, kabla mtu hajapanda basi.

Makabidhiano ya zamu yanahitaji uangalifu huo huo, nami ningetamani tuwe na uzi mzima juu yake. Kwa leo niseme tu kwamba daftari la makabidhiano lililoandikwa "hali shwari" kwa siku zote saba za wiki halijamkabidhi mtu chochote.

Mchangiaji wa pili

Ninaongezea dogo kuhusu vikao. Daktari akianza kwa kusema anavyouona ugonjwa, sisi wengine tunajipanga nyuma ya maoni yake. Akianza kwa kumuuliza muuguzi aliyekesha na mgonjwa, tunasikia mambo ambayo yasingesemwa kamwe.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuelewa kwenye suala la kamba, na ninakubali kwamba kuita na kuamua ni vitu viwili. Sasa niambie, mimi nina kikundi cha watu saba katika zamu ya asubuhi. Hawajazoea kusema, na nikiwauliza kama kuna swali wananyamaza. Nianzie wapi?

Mleta mada

"Kuna swali?" ni swali ambalo jibu lake la heshima ni kimya, kwa hiyo liache. Kabla ya mashine kuwashwa, wasimamishe kwa dakika tano, useme kazi ya siku, kisha uliza jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa kuitikia: "Leo ni kitu gani kinaweza kutuharibikia?" Anza kumuuliza yule mwenye cheo cha chini kabisa, kwa jina lake, kabla wakongwe hawajasema, na wewe useme mwisho kama alivyoshauri muuguzi. Siku za mwanzo watasema vitu vidogo, kama mwanga hafifu kwenye kona au glavu zilizochanika. Vishughulikie siku hiyo hiyo na uwaambie umevishughulikia vipi, kwa sababu wanapima kama kusema kuna faida kabla ya kukuletea mambo makubwa.

Kisha andaa jibu lako kwa siku ambayo mmoja wao atasimamisha kazi na ikabainika kwamba hakukuwa na kasoro. Siku hiyo itafika, na itakuwa siku yenye oda ya haraka. Mshukuru mbele ya wenzake kwa sauti ile ile ambayo ungemshukuru nayo kama angekuwa sahihi, mweleze kwa utulivu alichokiona vibaya ili ajifunze, na uwashe mashine. Ukimkemea, hata kwa uso tu, wale sita waliobaki watakuwa wanakutazama, na kesho yake utasimama nao kwa dakika tano bila mtu kutamka neno.